Aliyebadilisha Likizo ya Ondieki

Jumatatu, 4 Agosti

Ekerenyo. Mvua tangu alfajiri. Mikungu ya ndizi mia mbili na kumi kabla ya chai. Bega la kushoto limekufa. La kulia linafikiria.

Joyline, karani wetu, amekuja kituoni na tableti. Anasema daftari la karatasi limestaafu. Kuanzia leo kila kitu kiko kwenye programu: mikungu, wakulima, zamu, likizo. Kaitengeneza mwenyewe na hakusomea kompyuta. Eti unavuta visanduku tu, unavipanga, unaviandikia majina. Mimi na Ondieki, wapakiaji wawili wa kituo hiki, tumewekewa programu kwenye simu zetu, kila mtu na jina lake na namba yake ya siri.

Nimeuliza kama programu inaweza kupakia lori. Amesema bado.

Ondieki amemshukuru kwa maneno mengi, halafu akakaa juu ya magunia na simu yake. Mtu wa kujipendekeza! Mimi nitaendelea na daftari hili la mfukoni. Halina kelele. Wala halimwambii mtu nani kaandika nini.

Jumanne, 5 Agosti

Mghoi kapiga simu kutoka nyumbani, Wundanyi. Binti yangu mdogo. Harusi ni Jumamosi tarehe ishirini na tatu, kanisa limeshapatikana, mimi ndiye wa kumshika mkono hadi mbele. Akauliza kama nimepata likizo. Nikamwambia hilo jambo limeshughulikiwa.

Halijashughulikiwa.

Dada yake, Mkawasi, aliolewa miaka miwili iliyopita. Siku ile nilikuwa hapa napakia lori. Alishikwa mkono na mjomba wake. Tangu hapo kanipigia simu mara moja, na alikuwa amekosea namba. Ana mtoto ambaye sijawahi kumbeba. Nimebeba ndizi zote za kaunti hii, lakini mjukuu wangu sijambeba.

Kwa hiyo nimeandika ombi. Karatasi safi, mwandiko mzuri, nimeikunja mara nne. Joyline akanirudishia kwa adabu. Akasema, mzee wangu, karatasi haihesabiki siku hizi, ingiza kwenye programu. Nikaingiza wakati wa chakula. Utomvu wa ndizi ulikuwa umenishika kidole, simu ikakataa kunitambua mara sita. Mara ya saba ikakubali, ikanijibu kwa maandishi mekundu: tarehe hizo zimechukuliwa.

Na nani? Ondieki! Tarehe kumi na nane hadi ishirini na nne. Sababu: makambi. Ni yale mahubiri ya Wasabato, wiki nzima chini ya maturubai. Aliomba jana, akiwa amekaa juu ya yale magunia. Joyline kaidhinisha. Na sheria ya Manasseh, mwenye kituo, ni mpakiaji mmoja tu kwenda kwa wakati mmoja.

Mama Gesare anayetuuzia chai langoni ameniona nimenuna. Akasema, si umuombe Ondieki mbadilishane? Ana mdomo? Ana masikio? Muombe.

Nikamwambia kuomba ni kazi ya mtu asiye na mpango.

Jumatano, 6 Agosti

Nina mpango.

Kumbe programu inamruhusu kila mtu kufungua mstari wa kila mtu. Joyline aliiacha hivyo ili tuweze kusahihisha hesabu za mikungu. Basi nimesahihisha. Likizo ya Ondieki nimeisogeza mbele wiki moja. Yangu nimeiweka pale ilipokuwa yake. Kazi ya dakika mbili. Nimekunywa chai kwa amani.

Saa nane mchana kila kitu kimerudi kama kilivyokuwa! Joyline katuita sote wawili kwenye mizani. Akauliza nani kagusa likizo. Ondieki akasema si yeye, yeye hata kujisahihisha hajui. Nikasema itakuwa mtandao. Nikaeleza kwamba Ekerenyo ikinyesha sana mtandao hubeba vitu na kuviweka mahali pengine. Joyline akanigeuzia tableti. Akauliza kama mtandao ndio ulioandika jina langu vizuri hivyo.

Nikasema mtandao una akili.

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa. Mwishoni mwa kila mstari pametokea visanduku viwili vipya. Kimoja kimeandikwa Aliyebadilisha. Cha pili, Wakati. Joyline kaviongeza asubuhi akinywa chai, na Mama Gesare anasema chai haikupata hata nafasi ya kupoa.

Mwanzoni sikuogopa. Nilidhani ni kama kile kitabu cha wageni langoni, ambapo mtu hujiandika mwenyewe kwa hiari. Nani atajiandika? Nikaamua kujaribu kwa jambo dogo. Nikaongeza nukta baada ya sababu ya Ondieki. Nukta moja.

Jina langu likatokea lenyewe. Mwadime, saa moja na dakika mbili.

Nikafuta nukta. Mwadime, saa moja na dakika tatu.

Nikajaribu kulifuta jina. Kisanduku kigumu, hakifutiki. Nikairudisha nukta ili nione kama jina litaondoka kwa aibu. Mwadime, saa moja na dakika nne. Nimefanya hivyo mara kumi na moja. Kila mara programu ilinishukuru kwa jina langu.

Nikatoka jasho, na hakukuwa na mzigo.

Halafu nikapata akili. Ondieki aliandika makabi badala ya makambi. Nikamwendea, nikamwonyesha, nikasema ndugu, watu wa kanisa wakiona hivi itakuwaje. Akashtuka, nikamwelekeza pa kubonyeza, akasahihisha hapo hapo. Na jina kwenye kisanduku? Ondieki! Langu limetoweka kama chaki.

Kumbe kisanduku hukumbuka mkono wa mwisho tu. Joyline hakufikiria hilo. Yeye ana diploma. Mimi niliishia darasa la saba, na nimeliona kabla ya saa mbili asubuhi.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku nzima nimefikiri nikiwa na mikungu mabegani. Kufikiri kunapunguza uzito, lakini kunaongeza kujikwaa. Nimeanguka mara mbili.

Mkono wa mwisho lazima uwe wa Ondieki mwenyewe. Mtu akibadilisha likizo yake mwenyewe, nani atalalamika?

Sasa, Ondieki ni Msabato wa kweli kweli. Kila Ijumaa kabla jua halijazama huifungia simu yake kwenye sanduku la mizani, ili wanunuzi wa ndizi wasimpigie siku ya Sabato na kumtia majaribuni. Ufunguo hutundikwa kwenye msumari, juu ya sanduku. Majaribu yanayomhusu yeye yamefungwa. Yanayonihusu mimi yana ufunguo.

Imebaki namba ya siri. Hiyo nayo si siri sana. Kila asubuhi kabla ya kuanza kuimba, Ondieki hutangaza namba ya wimbo, kana kwamba mimi na mikungu tuna vitabu mkononi. Wimbo ni ule ule mwaka wa tatu sasa. Mia moja kumi na saba. Ukitanguliza sifuri, zinakuwa tarakimu nne.

Jumamosi, 9 Agosti

Imekamilika!

Leo nimefanya kazi peke yangu, kama Jumamosi zote. Hiyo ndiyo sababu niliajiriwa hapa. Manasseh ni mzee wa kanisa lile lile la Ondieki, Mama Gesare hafungui, kituo kizima kinakwenda kusali. Walitafuta mtu asiye Msabato awapokee wakulima wa Jumamosi. Nikapatikana mimi, Mtaita.

Saa nne na nusu wakulima wakapungua. Nikachukua ufunguo. Nikafungua sanduku. Nikanawa vidole kwa sabuni, nimejifunza. Sifuri, moja, moja, saba. Karibu, Ondieki!

Nikaisogeza likizo yake hadi tarehe ishirini na tano. Kwenye sababu nikaandika: Nimeahirisha kwa hiari yangu mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu yeyote. Nikaona imekaa kisheria. Nikatazama kisanduku cha mwisho. Ondieki. Saa nne na dakika arobaini na mbili. Safi kama maji ya mtungi.

Halafu kwa simu yangu nikaomba tarehe zilizoachwa wazi. Programu ikapokea. Hakuna maandishi mekundu.

Hakuna mahakama itakayoivunja kazi hii.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefua shati jeupe. Nimempigia Mghoi nikamwambia anunue ua la kuweka kwenye koti langu. Akauliza, kweli, baba? Nikasema iko kwenye kompyuta.

Nilijaribu kumpigia Joyline aharakishe kuidhinisha. Hakushika. Nilisahau kwamba Jumapili saa tatu yeye husoma somo la kwanza kule kwao, Kanisa Katoliki. Husoma kila Jumapili, hajakosa hata moja. Mama Gesare anasema sauti yake ni kama ya redio.

Jumatatu, 11 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Manasseh kaja mwenyewe kutoka Kisii mjini, na koti. Tukaitwa kwenye mizani. Joyline akashika tableti, akasoma: likizo ya Ondieki imebadilishwa na Ondieki. Nikatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikitika lakini anaheshimu uamuzi wa mwenzake.

Akaendelea kusoma. Jumamosi, tarehe tisa, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakasogea karibu.

Mama Gesare ndiye aliyeanza kucheka. Akaweka chupa ya chai chini ili acheke kwa mikono miwili. Akasema, yaani Ondieki! Siku ya Sabato! Na simu! Huyu ambaye hata jiko haliwashi!

Manasseh akasema kwamba Jumamosi saa nne na dakika arobaini na mbili Ondieki alikuwa amesimama mbele ya kanisa anaimba besi. Yeye Manasseh alikuwa benchi la pili, alimwona. Watu mia nne walimwona. Akauliza nani alikuwa kituoni siku hiyo.

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu.

Nikajaribu kusema habari za mtandao. Joyline akasema basi tusome historia. Historia gani? Kumbe kisanduku huonyesha mkono wa mwisho, lakini ukibonyeza mstari wenyewe inashuka orodha ndefu ya kila mkono tangu siku ya kwanza! Akaisoma kwa ile sauti yake ya redio. Mwadime, kaongeza nukta. Mwadime, kafuta nukta. Mwadime, kaongeza nukta. Alisoma zote. Mkulima mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole, vikamwishia.

Ondieki hakukasirika kuhusu likizo. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na uchungu wa jambo lingine: Joyline alimpigia jana jioni kumuuliza, mkewe akasikia, na sasa kanisani inasemwa kwamba Ondieki anafanya kazi za simu siku ya Sabato. Wanataka kumwondoa kwenye kwaya ya makambi. Miaka kumi na tisa anaimba besi. Akaniuliza, ndugu, nimekukosea nini?

Nikasema binti yangu anaolewa.

Akasema, lini?

Nikamwambia. Na ya Mkawasi nikamwambia, sijui kwa nini. Mbele ya wakulima wote.

Manasseh akafuta ombi langu. Akasema hakuna likizo kwa Mwadime hadi mwaka ukome.

Mikungu mia tatu leo. Sikuhisi hata mmoja.

Jumanne, 12 Agosti

Sikumpigia Mghoi. Yeye kapiga mara mbili. Nimeiacha simu ilie.

Saa sita Ondieki alikwenda kusimama mbele ya Manasseh. Niliwaona kutoka juu ya lori, sikuwasikia. Ondieki alikuwa na kofia mkononi. Manasseh alikuwa anakataa kwa kichwa, kisha akawa anakataa kidogo kidogo, kisha akaacha.

Nikaitwa. Manasseh akasema nimshukuru Mungu kwa mwenzangu. Ondieki ataacha likizo yake. Makambi yenyewe ni hapa hapa Ekerenyo, atakwenda jioni baada ya kazi, na Sabato ni yake kama kawaida. Mimi niende Wundanyi tarehe kumi na nane, nirudi kazini Jumatatu ya tarehe ishirini na tano asubuhi. Kuna masharti mawili. La kwanza, Sabato hii nifunge kituo saa za ibada, nisimame kanisani niseme mbele ya watu kwamba si Ondieki aliyegusa simu. La pili ni adhabu: nitafanya kazi kila Jumamosi hadi Desemba.

Sikumwambia kwamba tayari nafanya.

Ondieki alipopita akasema ungeniuliza tu, ndugu yangu. Ningekupa siku ile ile.

Nikasema asante. Lakini Ijumaa nzima nilipanga vizuri sana, na inaniuma kwamba mtu mwenyewe alikuwa wa kuulizwa tu.

Joyline alikuja kuidhinisha jioni. Tableti yake ilikuwa imekwisha chaji. Akachukua simu yangu, akaingia kwa jina lake, akaidhinisha, akanirudishia, akaikimbilia pikipiki ya Nyamira. Nikampigia Mghoi. Akalia. Nikamwambia anunue lile ua.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimesimama kanisani. Watu mia nne, kama alivyosema Manasseh. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu tatu. Ikatoka moja: Ni mimi niliyegusa simu, Ondieki alikuwa hapa anaimba.

Nikadhani watanizomea. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa Kigusii, kisha akatafsiriwa, kama ni mimi yule wa nukta. Kanisa zima likacheka. Hata mhubiri. Ondieki akarudishiwa nafasi yake pale pale, akatangaza namba ya wimbo. Mia moja kumi na saba! Hajaibadilisha hata sasa.

Baada ya ibada akina mama wakaniletea zawadi ya harusi ya Mghoi. Mkungu mzima wa ndizi. Mkubwa. Nikaubeba begani hadi nyumbani. Jumatatu nitaubeba hadi Wundanyi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemshika mkono. Hadi mbele. Hatua hamsini na mbili. Ua lilikaa vizuri kwenye koti, bega la kushoto lilishuka kidogo lakini watu walidhani ni heshima.

Ndizi za Ekerenyo zimeliwa kabla ya wali.

Jioni Mkawasi alinikaribia. Akanipa mtoto. Mzito kuliko alivyoonekana. Nikamweka bega la kulia, akalala hapo hapo. Mkawasi akasema, baba, kaa wiki hii, Jumatano nitapika, uje kwangu. Ni mara ya kwanza kuniita baba kwa miaka miwili.

Nikasema nitakuja. Bila shaka nitakuja! Jumatano ni tarehe ishirini na saba. Kazini natakiwa tarehe ishirini na tano.

Jumapili, 24 Agosti

Sikulala, lakini si kwa huzuni.

Mke wangu anasema nimpigie Manasseh nimweleze. Au Ondieki, anisemee. Kanikumbusha kwamba Ondieki alisema niombe tu. Ningeweza. Manasseh angekubali, pengine. Lakini nimekwisha kumwomba mara moja mwaka huu, kupitia kwa mtu, na mtu akizoea kuomba akili yake inalala.

Nimejinyoosha juu ya mkeka nikaupitia mpango wangu wa kwanza hatua kwa hatua, kutafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Kosa lilikuwa Jumamosi. Ningechagua siku nyingine yoyote, Ondieki asingekuwa kanisani na mashahidi mia nne, na hadi leo wangekuwa wanajiuliza. Mpango ulikuwa mzuri. Siku ndiyo iliyokuwa mbaya.

Asubuhi hii nimefungua programu ili nitazame tu tarehe yangu ya kurudi. Simu ikaandika: Karibu, Joyline.

Ile haraka ya pikipiki! Hakutoka kwenye programu. Siku kumi na mbili nimetembea na karani mzima mfukoni bila kujua.

Sasa fikiria. Karani akimwongezea mpakiaji siku saba, nani wa kumhoji? Ndiyo kazi yake. Historia iandike inavyotaka, itaandika Joyline. Na siku ni Jumapili, ambayo Msabato yeyote anafanya kazi bila kushtuka. Nimeangalia kila upande. Nimesubiri hata saa nzuri, saa tatu na robo, wakati ambao nina hakika kabisa Joyline hawezi kuwa anaitazama tableti, kwa kuwa amesimama mbele ya kanisa zima anasoma somo la kwanza.

Nimenawa vidole kwa sabuni. Nimebadilisha. Kwenye sababu nimeandika: Kwa hiari yangu mimi karani, bila kulazimishwa na mtu yeyote.

Nimemwambia Mkawasi aweke nazi nyingi.